Pete Aliyoichagua Kisigino

Kaka yangu mkubwa ni fundi viatu, na watu humwita Kisigino. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu mtu akiingia dukani kwake yeye hamtazami usoni. Anatazama chini, nyuma ya kiatu, ndipo anasema karibu.

"Wewe unaegemea kulia," atakwambia hata hujaketi. "Mguu wa kulia unafanya kazi ya miwili, huu mwingine umekuja kutembea tu."

Watu wanacheka, wanavua, wanakaa kwenye benchi miguu mitupu wakisubiri kama watoto waliofungiwa nje.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kalibu za mti za kuundia viatu zimetundikwa ukutani jozi kwa jozi, misumari midogo imo kwenye kopo la maziwa, na harufu ya gundi inakupokea kabla ya mwenye duka. Nyuma kuna pazia. Ukilifunua unakuta ngozi zimekunjwa juu ya ubao, na baada ya ngozi mlango wa kuingia nyumbani. Kazi mbele, maisha nyuma, ndivyo walivyoishi yeye na mkewe tangu walipooana.

Kaka alikuwa na msimamo mmoja katika kazi yake, nao hakuna aliyeweza kumtoa. Alisema kiatu kipya lazima kibane. Kisipobana siku ya kwanza, ngozi ikishalegea mguu utaogelea humo ndani. Kwa hiyo kila alipopima mguu kwa ukanda wake wa ngozi alipunguza kidogo, kwa makusudi.

"Kisigino, kinanibana hiki," mteja atasema, amesimama uso umekunjamana.

"Hicho kinakusalimia. Wewe kiitikie tu, mtazoeana."

Na kweli walizoeana. Sijawahi kusikia mtu amerudisha kiatu cha kaka yangu. Nalisema hili ili asije mtu akamwona alikuwa mjinga. Alikuwa fundi hasa, na alichokosea alikikosea kwa ufundi wake uleule.

Wifi yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma karibu na dirisha, na ukipita uani ulisikia mlio wake tangu asubuhi. Mwanamke mpole, maneno yake machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kuwafichia wengine aibu. Mungu alimjalia watoto watatu, wote wameshaondoka na kuwa na miji yao. Halafu ukaja ugonjwa wa sukari. Ulianzia miguuni, ukapanda, ukafika mikononi. Vidole vilikuwa vikivimba na kunywea, na kidogo kidogo vikafa ganzi.

Siku moja nilikwenda kumsaidia kupachika vifungo. Alikuwa akishona kola ya shati jeupe, mara nikaona doa jekundu linatambaa kwenye kitambaa.

"Wifi! Umejichoma!"

Akageuza kidole, akakitazama kama vile ni cha mtu mwingine.

"Kumbe," akasema. "Shati la watu hili, ngoja niliwahi na maji kabla doa halijakauka."

Ndivyo alivyokuwa. Shati kwanza.

Sasa nieleze habari ya pete. Walipofunga ndoa hawakuwa na kitu. Pete walizovishana kanisani zilikuwa za wasimamizi wao, mume na mke waliowasimamia, ambao walizivua vidoleni mwao asubuhi ile wakawaazima. Misa ilipokwisha, watu wakiwa bado wanapiga vigelegele nje, msimamizi wa kike alimvuta wifi pembeni akasema, "Mwanangu, nirudishie yangu sasa, nisije nikasahau." Wifi akavua akampa.

Alinisimulia jambo hilo huku akicheka. "Nimeingia kanisani sina pete, nimetoka sina pete. Katikati hapo ndipo nilipoolewa."

Kaka alikuwa upande wa pili wa pazia anagonga soli. Nilisikia nyundo imesimama. Nadhani tangu siku hiyo jambo hilo lilimkaa moyoni.

Miaka yao ya ndoa ilipokaribia ishirini na mitano, padri alitangaza kwamba wote waliofikisha jubilei ya fedha watarudia maagano yao mbele ya waumini, na mwenye uwezo alete pete zibarikiwe. Wifi aliposikia alinibana mkono. Hakusema anataka. Alisema tu, "Itakuwa vizuri kwa watakaoweza." Lakini mimi nilimwona macho yake.

Kaka akaja kwangu. "Dada, twende kwa sonara. Mimi pete sizijui."

"Na wifi je?"

"Wifi yako ataiona kanisani. Nataka imshtue."

"Kidole utakipimaje bila yeye?"

Akatoa mfukoni ukanda mwembamba wa ngozi, wenye alama ya kisu. "Nimeshapima. Alisinzia mchana mkono uko kwenye goti langu."

Sonara alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, na duka lake lilikuwa dogo kuliko kabati. Alitutolea pete za fedha juu ya kitambaa cheusi. Zilikuwa nzuri, nyembamba, zinang'aa kwa upole. Kaka akachukua moja akaibonyeza kwa vidole vyake vile vya kuvutia nyuzi, ikapinda.

"Hii ni waya," akasema.

"Hii ni fedha, bwana. Fedha ni laini. Ikipinda tunainyoosha, ikibana tunaipanua, mtu akinenepa tunamwongezea."

"Mimi sitaki kitu cha kupelekwa kwa fundi kila mwaka. Mimi mwenyewe ni fundi, najua mnavyokula."

Sonara akacheka, mimi pia nikacheka. Kisha akatoa kijisahani kingine. Humo kulikuwa na pete za chuma cha pua, pana, nzito, nyeupe kama fedha. Akasema hizo hazifubai, hazichubuki, hata ukizipiga nyundo hazibonyei. Kaka akaipokea moja akaipima uzito kiganjani, na uso wake ukafunguka. Nilijua hapo hapo kwamba amechagua. Alipenda kitu kinachodumu. Soli zake mwenyewe alikuwa akizishona mara mbili.

"Hii," akasema.

Sonara akachukua ule ukanda, akauzungusha kwenye mti wake wa kupimia, akataja kipimo.

"Nipe inayofuata kwenda chini," kaka akamwambia.

"Chini? Pete pana kama hii watu huongeza, bwana, hawapunguzi. Hushika nyama nyingi."

"Kitu kipya lazima kishike. Kikivaliwa kitajipa, kitalegea chenyewe."

Yule mzee akavua miwani. "Bwana fundi, hii si ngozi. Hii haijipi. Na nikishakuuzia sina chombo cha kuipanua. Mlete mama mwenyewe avae hapa achague. Kwani kuna haraka gani?"

Nami nikadakia, "Kaka, si tumlete tu?"

"Nyinyi wawili mnanifundisha vipimo?" Hakusema kwa hasira, alisema akitabasamu, mtu aliye na furaha asiyetaka furaha yake iguswe. "Nimepima miguu ya mji huu mzima. Kidole kimoja cha mke wangu ndicho kinishinde?"

Ikafungwa ndani ya kiboksi chekundu. Njia nzima alikuwa akikigusa mfukoni.

Siku ya siku kanisa lilijaa. Wenye jubilei walisimama mbele. Wifi alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, kaka alivaa viatu alivyovipiga rangi mpaka vikawa vioo. Padri akabariki pete. Kaka akafungua kile kiboksi, na wifi alipoona akaweka mkono mdomoni. Kama maisha yake yangeishia hapo, ningesema alikufa mwanamke mwenye raha.

Kaka akashika kidole akavisha. Pete ikafika kwenye kiungo ikasimama.

Akasukuma. Ikagoma. Mtoto mmoja alikuwa analia huko nyuma. Niliona shingo ya kaka inatoka jasho. Ndipo wifi akainamisha kichwa kama anayesali, akakipitisha kidole mdomoni haraka akakilowesha, akaishika pete kwa mkono wake wa kulia na kuikandamiza. Alikandamiza kwa nguvu ambazo mtu mwenye kidole kizima asingethubutu, maana angepiga kelele. Yeye hakusikia maumivu. Ikapita. Akainua mkono watu waone, na vigelegele vikavuma.

Nje ya kanisa nikamwuliza, "Wifi, haikubani?"

"Inanisalimia," akasema. Tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Wiki za kwanza aliivaa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikuwa akishona huku ameunyoosha mkono wa kushoto zaidi ya inavyotakiwa. Wanawake waliokuja kushonesha sare aliwapokelea vitambaa kwa mkono huo. Jioni aliifuta kwa pindo la kanga.

Kisha nikamkuta amefunga kidole kwa kitambaa.

"Sindano," akasema.

"Nionyeshe."

"Wifi, jeraha la sindano nalo la kuonyeshana?"

Nilimshika mkono nikafungua mwenyewe. Kidole kilikuwa kimevimba juu na chini ya pete, na pete yenyewe imezama katikati. Chini yake ngozi imechubuka, mbichi. Sikungoja. Nilifunua pazia nikamwita kaka. Akaja na nyundo mkononi, akatazama, akaiweka nyundo chini polepole.

"Mbona hukuniambia?"

"Hainiumi," wifi akajibu. Na hakudanganya, hapo ndipo penye balaa lenyewe.

Tulijaribu sabuni. Tulijaribu mafuta. Kaka akaleta uzi wake wa kushonea uliopakwa nta, akakizungushia kidole tangu kwenye ncha ili kinywee, kama alivyoona watu wakifanya. Pete ikasogea kidogo na ngozi ikaja nayo. Damu ikatoka. Wifi akautoa mkono wake taratibu.

"Tuache leo. Jioni hupungua uvimbe, itashuka yenyewe."

"Twende hospitali," nikasema.

"Hospitali wataikata, wifi."

"Si waikate tu!"

Akanitazama kwa namna ambayo sikuweza kuendelea. Kaka naye akasema kwa sauti ndogo, "Ikizoea itajipa." Nafikiri hakuwa akituambia sisi. Siku ya wifi ya kliniki ya sukari ilifika, akasema ana sare nyingi. Hakwenda. Kila nilipokuja nikisema hospitali, alinikaribisha chai akabadilisha mazungumzo, na kitambaa kile cha kidoleni kilikuwa kisafi kila siku, amekipiga pasi.

Siku moja nilimkuta kaka ametoa ngozi zake zote nje. Amezitandika juani, anainama kwenye moja baada ya nyingine ananusa.

"Unatafuta nini?"

"Kuna moja imeoza. Harufu imeingia mpaka ndani."

Alikuwa anajua ngozi kuliko mimi ninavyojua sala. Ngozi isiyokaushwa vizuri huoza kwa ndani, na mtu wa kazi huitambua kwa pua. Alinusa zote. Zote nzima. Akaosha ubao, akadeki chumba, akamwaga gundi ya zamani. Kisha akasimama katikati ya duka tupu, pua juu, na nikaona anageuka taratibu kuelekea kwenye pazia, kule ilikokuwa inalia cherehani.

Aliketi. Aliketi chini kabisa, sakafuni, palipo na maji.

Hospitalini muuguzi alifungua kitambaa, akaenda kumwita daktari. Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu. Walileta kijisumeno cha kukatia pete. Hakikupata pa kuingia, nyama ilikuwa imeifunika. Palipoonekana chuma walisugua, kisumeno kikateleza, meno yake yakaisha. Kidole kilikuwa cheusi hadi kiungo cha pili, na wekundu umeanza kupanda kiganjani.

"Mama," daktari akasema, "kidole hiki kimeshakufa. Tukikiondoa leo, mkono utabaki. Sumu ikipanda, sukari yako hii haitatupa nafasi."

"Na pete?"

"Hiyo itatoka nzima."

"Mtanivisha wapi?" wifi akauliza, na midomo yake ikatabasamu kidogo.

Alitazama ukuta. Halafu akasema, "Kesho. Leo niacheni nilale nayo. Kesho asubuhi mkate."

Daktari akamgeukia kaka. "Mzee, mwambie mke wako. Ni leo. Wewe ndiye mume, atakusikia wewe."

Naye angemsikia. Miaka yote ile sijaona wifi akikataa neno la mumewe. Nilimtazama kaka nikingoja aseme. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma ameshika ukanda wa begi la mkewe, anaukunja na kuukunjua.

"Mke wangu," akasema, "mimi niliipunguza ile pete. Sonara alinikataza, dada naye akaniambia nikulete, nikakataa. Nilipunguza makusudi."

"Najua," wifi akamjibu. "Nilijua palepale mbele ya padri. Mume wangu namjua, na kidole changu nakijua."

"Mbona uliisukuma?"

"Ulikuwa unatoka jasho."

Kaka akajifuta uso kwa mkono mzima, akainuka akamwambia daktari, "Sikumwuliza mara ile. Nikachagua mwenyewe, ndiyo haya. Safari hii sichagui mimi. Kasema kesho, iwe kesho."

"Kaka!" nilimshika shati. "Hili si la kuuliza. Mwambie leo! Mlazimishe, akuchukie, lakini mwambie!"

"Mkono ni wake, dada."

Nikamwangukia wifi mwenyewe. Nilimwomba kwa jina la Mungu na kwa watoto wake. Alinipapasa kichwa kwa mkono wa kulia. "Usiku mmoja tu, wifi. Hata Mungu ananijua sijawahi kuomba kitu kikubwa." Daktari akatukabidhi karatasi ya kutia saini kwamba tumekataa leo, akatoka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani kutuachia nafasi.

Asubuhi homa ilikuwa imempanda, hatambui mtu. Walimwingiza haraka chumba cha upasuaji. Hawakukata kidole, walikata chini ya kiwiko, na baada ya siku chache wakakata tena, juu ya kiwiko. Aliamka mara moja tukiwa naye. Akauliza kama sare za yule mama wa mtaa wa pili zimechukuliwa. Nikamwambia zimechukuliwa. "Vifungo vilipungua viwili," akasema. Hakusema tena kitu cha kueleweka. Mungu alimpokea Jumapili, watu wakiwa ibadani.

Muuguzi alimkabidhi kaka pete ndani ya bandeji. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo pale kisumeno kilipopita.

Tulimzika, watoto wakaja wakalia wakarudi kwao. Mimi nimebaki kwenda kumtazama kaka kila baada ya misa. Mwanzo nilidhani huzuni itamtoka kama inavyowatoka watu, kwa kulia au kwa hasira. Haikutoka. Imegeuka kitu kingine. Kaka yangu, mtu aliyekuwa akimwambia mteja anavyotembea kabla hajaketi, sasa hawezi kuamua jambo. Mtu anakuja kugongewa soli, anamwuliza, "Nigonge? Wewe unaonaje?" Anamwuliza rangi, anamwuliza uzi, anamwuliza kama afunge duka au aache wazi. Wateja walicheka siku za mwanzo wakidhani ni utani wake. Siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara.

Pete alinijia nayo mara tatu. Aitunze, aiuze, aitupe, akaifukie kaburini? Nilimwambia aiweke mpaka tutakapopata jibu katika sala. Nimesali. Nasali bado. Nimemwomba Mungu anionyeshe neno la kumwambia huyu mtu, maana kumwambia hakukosa ni uongo, na kumwambia alikosa anajua.

Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi kwenye benchi ya wateja, mlango wazi, mikono magotini. Nilikuwa na bakuli la chakula limefunikwa. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

"Umekula, kaka?"

Alinyanyua uso akanitazama machoni kwa muda mrefu, kama anayenisubiri.

"Unaonaje, dada," akasema, "nimekula?"